Kisu cha Laini ya Nondo

Haya yalimkuta mjomba wangu, mtu asiyejua kutia chumvi. Alikuwa fundi wa visu katika kiwanda cha nondo za ujenzi. Nondo hutoka nyekundu kwa moto, zinakimbia kwenye laini ya mashine, na kisu huzikata hukohuko mbioni, bila kuzisimamisha.

Asubuhi moja alifunga kisu kipya yeye na shemeji yake, mume wa mama mdogo, ambaye kiwanda kizima kilimwita Domo kwa masihara yake. Kisu kilikuwa na joto.

"Kimelala stoo," mjomba alisema. "Joto limetoka wapi?"

"Kina homa hicho," Domo akacheka. "Kipeleke zahanati."

Kilikata vizuri ajabu. Saa ya chakula laini ikazimwa, watu wakatoka. Wao wawili wakabaki kufagia vipande.

Kisu kikashuka. Kacha!

Hakuna nondo. Mjomba akakimbilia swichi kuu. Ilikuwa imezimwa, kufuli juu yake.

Kacha!

"Shemeji," Domo akanong'ona, "mbona kinaniita?"

"Toka hapo!"

"Siwezi. Miguu haitaki."

Jua la dirishani lilikuwa limelaza kivuli chake juu ya laini. Kivuli kikaanza kusogea, polepole, kuelekea kisuni. Domo mwenyewe amesimama palepale. Mjomba akamkumbatia kiunoni, akavuta. Mzito kama nguzo. Akavua koti, akakifunika kivuli. Kikapita chini ya koti, kikafika kisuni. Mjomba akajaribu kupiga yowe. Sauti haikutoka.

Kacha!

Domo akaanguka. Hana hata mkwaruzo.

Hospitali walimpima wakasema mzima. Lakini hakusema tena, wala hakula. Siku mama mdogo alipomtoa nje aote jua, alirudi ndani mbio akilia. Ukutani mama mdogo alikuwa ameona kivuli chake mwenyewe tu; cha mumewe hakikuwepo.

Tuliomba kila dua tuliyoijua. Akanyauka mikononi mwetu, tukimwangalia, mpaka tukamzika.

Kisu kiliyeyushwa. Sakafu ikapakwa rangi, ikarudiwa. Bado, kando ya mashine, pana kivuli cha mtu aliyelala chali. Jua lihame lisihame, chenyewe hakihami. Wafanyakazi wamekizoea, wanakiruka tu.

Juzi mjomba alikwenda kurudisha sare zake, ameacha kazi. Aliporudi hakugusa chai.

"Kimeinuka," alisema. "Kimekaa kitako. Kimeelekea mlangoni."