Hospitali Iliyopimwa Siku ya Wageni

Ndugu zangu, sogeeni niwaambie yaliyomkuta jirani yangu, mganga mkuu wa hospitali yetu ya umma. Tulimwita Namba Wani, maana hospitali yake ilikuwa imetangazwa bora mkoa mzima.

Jumapili ile sebule yake ilijaa soda na vicheko. Mama yake mzee alijaa kwenye kochi, akimsifia mwanawe kwa kila aliyeingia. Binti yake, mtakwimu anayekagua huduma za afya, ndiye pekee aliyekunja uso.

"Baba, mlipimwa siku mliyoijua. Mimi huchagua siku na saa kwa kura, naingia bila taarifa. Karibu nusu ya ziara zangu nimekuta oksijeni yenu haipo. Kile kituo kidogo cha afya cha kiwandani mnachokicheka, hakijawahi kuikosa."

"Mwanangu, usinitie aibu mbele ya watu. Takwimu zako peleka darasani."

Wageni wakacheka.

Wiki haijaisha, bibi, yule mama yake mzee, akabanwa na pumzi mchana kweupe. Namba Wani na binti yake wakamkimbiza hospitalini. Muuguzi akabonyeza swichi ya mashine ya oksijeni. Kimya. Umeme umekatika, jenereta halina mafuta. Yaliyonunuliwa kwa ajili ya wakaguzi yalishaisha. Midomo ya bibi ikaanza kubadilika rangi.

"Tufanye nini, mwanangu?" Namba Wani alimuuliza binti yake.

"Kiwandani, baba. Sasa hivi."

Gari liliruka matuta, honi haikunyamaza njia nzima. Kituoni wakapokelewa mlangoni, mtungi wa oksijeni tayari. Bibi akavuta pumzi, akavuta nyingine, kisha akauliza nani amefunga nyumba. Muuguzi wa kituo akacheka.

Namba Wani hakucheka. "Wangapi wamekuja kwangu mchana kama huu, hawana gari?"

"Hao hakuna aliyewahesabu, baba."

"Basi wahesabu. Ingia siku yoyote, saa yoyote. Usinipigie simu kwanza."

Siku hizi matokeo ya ukaguzi wa binti hubandikwa getini mwa hospitali, mazuri na mabaya. Hospitali imeshuka hadi katikati ya orodha, lakini nendeni mkaone: jenereta linanguruma, oksijeni ipo.

FUNZO: Tusidanganywe na sifa za siku iliyoandaliwa. Huduma ya umma ipimwe kwa haki, siku za kawaida, bila taarifa, na wote walioikosa wahesabiwe. Kiongozi anayeficha upungufu ili asifiwe anahatarisha maisha ya watu, wa nyumbani kwake wakiwemo.