Soli ya Mkongojo wa Mama

"Ni yeye, bosi! Sahihi yake hiyo hapo!"

Aliyeninyooshea kidole ni mdogo wangu. Tumbo moja, ziwa moja. Na kazi pale kiwandani nilimtafutia mimi!

Ndugu wasomaji, mimi si mtu wa kelele. Ila hii naiandika kwa hasira, mnivumilie.

Kiwanda chetu kinatengeneza vipuri vya mpira: bushi za magari, mikanda ya mashine, raba za breki. Mdogo wangu anachanganya mpira. Mimi napima.

Chuo sijakanyaga. Nilijifunza kwa kuharibu, kuandika na kurudia.

Kila mkupuo wa raba za breki, yaani zilizotoka kwenye mchanganyiko mmoja, ukitoka, nachukua tatu, nazitumbukiza kwenye chupa za mafuta ya breki, naziweka kwenye joto siku tatu. Zikivimba, mkupuo mzima unatupwa. Zisipovimba, ndipo nasaini. Kwa ajili ya chupa hizo wananiita Mganga.

Sasa asubuhi ile ikaja taarifa... Dereva wa lori kakanyaga breki kwenye mteremko, haikushika. Kaingia ukutani. Miguu yote miwili imevunjika.

Fundi alipofungua breki alikuta raba yetu imevimba kama sifongo. Ndani yake namba ya mkupuo: 41.

"Bosi, 41 sikuisaini," nikasema taratibu. "Nilikuwa naumwa."

"Mganga, usinichezee. Hii ni nini?"

Nikaitazama karatasi ya vipimo aliyonisukumia: sahihi ilikuwa kama yangu. Jamani! Hata ule mkia wa herufi ya mwisho! Mimi na mdogo wangu tulijifunza kuandika kwenye daftari moja.

"Kaka, kubali tu yaishe," akasema, huku anakwaruza sikio. "Kisanduku kimoja cha raba kilikupita. Nani hakosei?"

Kisanduku kimoja!

Hapo ndipo damu iliponichemka. Kama mchanganyiko wenyewe ndio mbovu, basi raba zote mia sita ni mbovu. Na ziko barabarani, watu wanazikanyagia breki kila siku!

"Bosi, ziite zote zirudi."

"Kwa ushahidi gani? Chupa zako za 41 ziko wapi?"

Hazikuwepo. Niliporudi kutoka kuumwa nilizikuta zimeoshwa, zinang'aa. Nilimuuliza mdogo wangu, akajibu, "Zilipita, kaka, bosi mwenyewe aliziona." Nikamwamini. Sikuuliza tena.

"Nakupa siku mbili," bosi akasema. "Ukija mikono mitupu, vua koti langu uende."

Nikaenda kwa mama.

Mama anatembelea mkongojo wenye soli ya mpira, huwa humsikii akija. Mchana ule nilimsikia tangu jikoni.

Ko! Ko! Ko!

"Mama, soli imeenda wapi?"

"Kaa kwanza. Umekula?"

"Mama..."

"Mdogo wako alipita hapa sasa hivi, hata viatu hakuvua. Anaitaka ile soli aliyonitengenezea mwezi uliopita. Eti ataniletea nzuri zaidi. Nikamwambia imedondoka njiani."

"Imedondoka?"

Akaingiza mkono chini ya mto, akaitoa.

"Yule akidanganya hukwaruza sikio, tangu ana miaka minne. Leo amelikwaruza mpaka limekuwa jekundu. Kuna nini?"

Nikaipindua ile soli. Ndani yake... 41!

Mpira uliobaki alipochanganya 41 ndio aliotumia kumtengenezea mama zawadi. Namba aliigonga kwa mazoea tu, kama tunavyogonga kila kipande.

"Mama, nikiipeleka hii, anaweza kufungwa."

Akasugua ncha ya mkongojo kwa kidole.

"Nimewazaa wote wawili," akasema. "Na huyo dereva ana mama yake. Chukua, nenda."

Niliikata soli katikati mbele ya bosi. Nusu nikaiacha mezani. Nusu nikaitia kwenye chupa ya mafuta ya breki, nikaiweka kwenye joto, na bosi mwenyewe akafunga kabati na kubaki na ufunguo.

Kesho yake mchana tukafungua, mdogo wangu akiwepo; mpira mbovu hauhitaji siku tatu kuvimba.

Niliweka zile nusu mbili pamoja. Moja ngumu, safi. Nyingine imevimba, imelainika, ukucha unazama!

Mdogo wangu akapeleka mkono sikioni.

"Mpira wa breki ulikuwa umeisha!" akalipuka. "Nikatumia wa sili za mafuta ya injini, nikaiga sahihi yako. Yote si meusi tu? Oda imechelewa, bosi ameniahidi usimamizi, ningefanyaje? Na wewe kaka, ungeninong'oneza tu, tungemaliza kifamilia!"

Miaka kumi na tisa kiwandani sijawahi kupaza sauti. Siku ile nilipaza.

"Miguu ya yule dereva utaiunga kifamilia?!"

Mashine zote zikazimwa. Bosi akashika simu, akaanza kuita raba zirudi, gereji moja baada ya nyingine. Usoni mwangu hakutazama.

Mdogo wangu hayupo kazini tena, kesi inaendelea. Hasira haijaniisha. Na kipande kingine cha hasira hiyo ni changu mwenyewe: niliona chupa zimeoshwa, nikanyamaza kwa sababu ni ndugu.

Wewe unayesoma, ukikosea kazini, sema siku hiyo hiyo, hata kama cheo kitapita mbali. Na ukiona chupa imeoshwa, uliza mara ya pili, hata kama anayejibu mmenyonya ziwa moja.

Nilimtengenezea mama soli mpya. Nilipima mwenyewe.

Ameiweka kabatini.

"Nitaivisha mkongojo zikirudi raba zote," amesema.

Mpaka leo zimerudi mia tano themanini na saba. Ukitoa ile ya lori, bado kumi na mbili.

Kila asubuhi mama ananiuliza ngapi zimebaki, namjibu, halafu anaondoka...

Ko. Ko. Ko.