Ebla Alipolia Suuq Mugdi

Siku ile ya Septemba, mwaka wa tisini na saba, soko la Suuq Mugdi mjini Garissa lilifurika watu. Ebla, mpiga taipu wa ofisi ya mifugo, alisimama mbele ya muuza vitabu vya mitumba, buibui lake jeusi limeshika vumbi. Miezi minne tangu mama yake azikwe, hakuwa amedondosha chozi. Watu walimsifu kwa ujasiri.

Aliokota riwaya nyembamba ya vijana, yote imeandikwa kwa beti. Akafungua katikati. Msichana wa hadithi alikuwa akikunja nguo za marehemu mamake, na shela moja bado ilinukia uvumba. Beti zilikuwa fupi, maneno machache. Ebla akaangua kilio mbele za watu.

"Walaal, dada yangu, umeumia?" aliuliza kijana mrefu, shati lake la buluu limepigwa pasi.

"Ni kitabu tu."

"Basi nami nakitaka."

"Tafuta chako!"

Wakacheka. Alikuwa Salah, mwalimu wa Tarbaj, wilayani Wajir, amefuata vitabu vya shule. Ebla akakinunua kile kitabu. Alipoomba nambari ya simu ya ofisini, Ebla alimpa. Ikawa kila Alhamisi saa tisa Salah anapiga kutoka posta ya Wajir, naye Ebla anamsomea ukurasa wa kitabu kile.

"Mmoja tu, mchoyo wee?"

"Mwingine Alhamisi, mpenzi."

Neno lilimponyoka. Kabla Salah hajajibu, laini ikakatika.

Hakupiga tena. Mvua kubwa ilinyesha, na kila Alhamisi Ebla alikaa kando ya simu mpaka ofisi ikafungwa, akijilaumu kwa ulimi wake. Kitabu hakukifungua.

Januari Salah alishuka kwenye lori la ng'ombe, amekonda, suruali imejaa tope.

"Simu zilikufa, barabara ikawa ziwa."

"Nilidhani nimekukera."

"Kwa neno lile? Ndilo lililonilaza na kuniamsha. Niwalete wazee kwa baba yako lini?"

"Baada ya Idd. Lakini baba haoni, Salah. Siwezi kumwacha nikaja Tarbaj."

"Na uhamisho wangu huenda ukachukua miaka."

"Basi?"

"Basi tuoane, mpenzi, tuvumilie."

Wakaoana. Siku ya saba Salah akarudi kazini. Ebla aliporejea kutoka kumsindikiza, nyumba ilikuwa kimya. Akamwekea babake, mzee Abdow, chai mkononi.

"Unalia," alisema mzee.

"Namkumbuka mume wangu, aabo. Na mama pia."

"Tangu tumzike hujamtaja." Abdow alipapasa mkeka kando yake. "Kaa hapa. Nisimulie habari zake."

Ebla akakaa, akaanza.