Waliosusia Mkutano wa Soko

Kila mfanyabiashara wa soko lile alijua kanuni hii: mwenyekiti huongoza miaka miwili, kisha kura hupigwa.

Asubuhi moja mshonaji alisikia habari iliyomfanya asimamishe cherehani. Jioni hiyo mkutano ungemwongezea mwenyekiti, aliyekuwa akimalizia miaka yake miwili, miaka mitatu bila uchaguzi.

"Inawezekanaje?" akajiuliza. Yeye na wenzake wa safu ya chini walikuwa wamesusia mikutano tangu mgombea wao aliposhindwa. Hata salamu za watu wa safu ya juu, waliomchagua mwenyekiti, hawakuziitikia.

Swali hilo halikumpa nafasi ya kushona hata pindo moja. Akavuka njia hadi kwa shemeji yake, fundi viatu, mfuasi wa mwenyekiti.

"Ohoo! Leo mvua itanyesha," fundi akasema, misumari ikiwa mdomoni. "Shemeji amekumbuka kwamba nipo?"

"Punguza maneno, shemeji. Kanuni inabadilishwaje?"

"Kwa kura za zaidi ya nusu ya waliohudhuria. Ninyi hamhudhurii. Basi wachache wanatosha."

"Kumbe kususa kwetu ndiko kunakowapa nguvu?"

"Mlidhani mnamkomoa nani?"

"Na wewe utamwongezea miaka?"

Fundi akatema misumari kiganjani. "Mwenyekiti nampenda. Lakini nikimpa miaka bila kura, akiharibu nitamtoa kwa njia gani? Nitapinga."

Mshonaji akapita kibanda kwa kibanda akiwasihi wenzake. Baadhi walinuna, wengi walikuja.

Mkutanoni mwenyekiti akakunja uso. "Waliokosa mikutano wana adhabu ya kuzibua mtaro. Asiyeikubali hapigi kura."

"Dharau hiyo!" safu ya chini ikafoka.

Mshonaji akasimama. "Tukiikubali, kura tunazo?"

"Mnazo."

"Basi tunaikubali. Kukosa tulikosa."

Mikono ikahesabiwa. Waliopinga nyongeza walikuwa wengi, tena wa safu zote mbili. Uchaguzi ukapangwa kufanyika mwezi uliofuata.

Kesho yake, kabla soko halijafunguliwa, mshonaji na wenzake walishika makoleo. Tope liliwafika vifundoni.

"Shemeji, hapo umepasahau!" fundi viatu akapaza sauti kutoka kibandani.

"Njoo basi unionyeshe!"

"Mimi nilihudhuria!"

Mshonaji akacheka, akalichota na tope lile lililobaki. Maji yakaanza kupita. Mwenyekiti akaja, akaukagua mtaro mwanzo hadi mwisho, kisha akatamka mbele ya wote:

"Adhabu imekwisha."