Ukurasa Uliofumuliwa

Maiti ya Profesa ilikutwa Alhamisi, saa mbili asubuhi, imeketi kitini kama mtu anayesubiri chai.

Chumba chenyewe kilikuwa chini ya maktaba ya chuo: ghala la maandiko ya kale, kuta za mawe nene, rafu za chuma, na dirisha moja dogo lililokuwa usawa wa miguu ya wapita njia. Mkutubi aliyefungua mlango alidhani mzee kasinzia. Alimgusa bega. Sasa alikuwa nje, ameketi kwenye ngazi, ametapika mpaka nyongo.

Mkaguzi alisimama mlangoni, leso puani. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye mazoea ya kutazama dakika nzima kabla ya kugusa chochote. Koplo wake alikwishaizoea dakika hiyo. Alisimama nyuma yake, kalamu mkononi.

Juu ya meza palikuwa na kitabu cha jalada la ngozi, kimefunguliwa katikati. Mikono ya marehemu ilikuwa huku na huku ya kitabu. Shingoni alikuwa amejizungushia skafu nzito ya sufu, na joto la siku zile lilikuwa la kumtoa mtu shati.

Daktari wa polisi hakuchukua muda mrefu.

"Siku tatu," alisema. "Jumatatu mchana, au jioni yake. Ukakamavu wa maiti umekuja na umeshaondoka. Tumbo limegeuka rangi. Na hawa hapa," alionyesha kwa kibano, "mabuu hawajui kusema uongo."

Koplo alikohoa. "Daktari, haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Jana saa nne asubuhi alifundisha. Wanafunzi arobaini walimwona. Nimehoji watano hapo juu, kila mmoja peke yake. Neno lao ni moja."

Daktari alivua glavu taratibu, kidole baada ya kidole.

"Basi mtafuteni aliyefundisha. Huyu hapa tangu Jumatatu hajafundisha mtu."

*

Chuo kile kilikuwa kikongwe kuliko mji wenyewe, na kitabu kile kilikuwa kikongwe kuliko chuo. Kila mwenyeji alikuwa na lake la kusema juu yake. Kwamba kimeandikwa na watu waliofukuzwa dini zote. Kwamba anayekitumia hupewa anachotaka, na mwingine ndiye hunyang'anywa. Mkaguzi aliyasikia hayo zamani, mwaka mmoja alipokuwa mwanafunzi hapo, kabla baba yake hajafariki na yeye kulazimika kutafuta kazi. Aliyaweka kapu moja na hadithi za majini.

"Funguo za ghala ziko ngapi?" alimuuliza mkutubi.

"Mbili, afande. Wangu, na wa Mama Gundi."

"Mama Gundi ni nani?"

"Mjalidi wetu. Ndiye anayeshona vitabu vikichakaa, mwaka wa thelathini huu. Karakana yake ni chumba kinachofuata."

"Wewe ulikuwa wapi Jumatatu?"

"Nilikuwa likizo ya ugonjwa. Nimerudi leo. Afande, mimi nina watoto…"

"Sijakushtaki. Kunywa maji."

Lakini mji haukusubiri polisi. Kufikia saa nne wanafunzi walikuwa wameizingira nyumba ya mkutubi kwa mawe, wakisema mwenye ufunguo ndiye mchawi. Dirisha moja lilikwisha kuvunjwa. Mkaguzi aliagiza mkutubi awekwe mahabusu kwa usalama wake, na mkewe na watoto wahamishiwe kwa shemeji. Alijua kamba hiyo haitashika siku mbili. Asipompata muuaji upesi, mji ungejichagulia wake.

Alimwita kiongozi wa darasa, msichana mrefu asiyejua aiweke wapi mikono.

"Jana Profesa alikuwaje?"

"Kawaida tu." Akatikisa kichwa. "Hapana. Hakuvuta pumzi."

"Una maana gani?"

"Mtu akisema sana husita, humeza mate. Yeye alisema saa nzima bila kusita. Na midomo ilikuwa inachelewa, afande. Sauti inatangulia, midomo inafuata."

"Mkamwambia nani?"

"Tumwambie nani? Yeye ndiye anayesahihisha mitihani."

Koplo alitaka kucheka, akaona uso wa msichana, akaacha.

"Mimi hurekodi kila kipindi," msichana alisema, akatoa simu.

Sauti ikajaa chumbani. Nzuri, changa, yenye nguvu. "Thitaki kelele. Thikilizeni vizuri, thababu thitarudia…"

Mkaguzi aliisogelea simu. Aliikumbuka sauti ya Profesa tangu mwaka wake wa uanafunzi. Ilikuwa kavu, na kila "s" yake ilikatika kama kisu kwenye kinoo.

"Kithembe hiki alikipata lini?"

"Miaka miwili iliyopita, alipopona. Alikuwa na saratani ya koo. Alikuwa ananong'ona tu, mengine anaandika ubaoni. Hospitali walikwishamwambia ajiandae. Halafu siku moja akaingia darasani na sauti hiyo. Tulisimama tukampigia makofi."

*

Mchana daktari alipiga simu. "Chini ya skafu kuna tundu," alisema. "Kisogoni, mwanzo wa nywele. Jembamba, limezama mpaka shina la ubongo. Mkono uliofanya vile haukutetemeka. Na ndani ya jeraha kuna nta ya nyuki."

Mkaguzi alirudi ghalani na kukiinamia kitabu kwa kioo cha kukuzia. Katikati palikosekana ukurasa. Aliupitisha ukucha kwenye mgongo wa kitabu. Hapakuwa na kipande kilichobaki wala mchaniko, ila safu ya vitundu vya sindano, vitupu, visafi.

"Mwizi huchana, Koplo," alisema. "Huyu kafumua. Ameua mtu, lakini kitabu hakutaka kukiumiza."

Walivuka ukumbi mwembamba na kubisha mlango wa jirani.

Karakana ilinuka gundi ya ngozi. Palikuwa na kibanio kikubwa cha mbao, vipande vya ngozi vilivyopangwa kwa rangi, jiko dogo la kuyeyushia gundi, na kibonge cha nta kilichochimbwa mifereji na uzi. Mwanamke wa miaka sitini, miwani puani, alikuwa akishona. Hakuinuka.

"Karibu, mwanangu. Vuta stuli."

"Ahsante, mama. Nimekuja kuuliza juu ya mishono."

"Uliza. Hiyo ndiyo elimu yangu."

Badala ya kuuliza, Mkaguzi aliiweka simu mezani na kuiwasha. *Thitaki kelele. Thikilizeni vizuri…*

Sindano ilimchoma Mama Gundi kidoleni. Tone la damu likadondoka kwenye karatasi. Katika miaka thelathini, mkutubi angeapa, mama huyu hakuwahi kuchafua karatasi.

"Zima," alisema.

"Una mtoto, mama?"

"Mmoja. Binti."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Hasemi."

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Alipokuwa akisema, alisemaje?"

Mama Gundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la aproni, akaivaa tena.

"Alikuwa na kithembe," alisema. "Tangu utotoni. Wenzake walimcheka, mimi nilikipenda." Aliichomeka sindano kwenye nta. "Yule baba wa watu mmemfunga bure. Mwachieni. Twende huko kwenu nikaseme yote, lakini binti yangu aletwe pia. Hawezi kubaki peke yake."

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na dirisha lililoingiza jua la alasiri. Binti aliketishwa kwenye benchi la ukumbini, nje ya mlango, pamoja na askari wa kike. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, nywele amekata, mikono mapajani. Alimtazama kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya kioo. Hata kalamu alikuwa haiwezi. Akipewa huchora mistari tu.

Mkaguzi alisoma onyo la kisheria. Mama Gundi aliitikia kwa kichwa.

"Nimeelewa. Andika, mwanangu, na uandike upesi. Maneno yangu yana mwisho."

"Ulimuua Profesa?"

"Nilimuua. Jumatatu, saa saba mchana, karakanani kwangu. Kwa shazia, ile sindano ndefu."

"Kwa nini?"

"Miaka miwili iliyopita aliniletea kile kitabu. Akanipa na karatasi moja mpya, imekunjwa na kubandikwa, akasema niishone katikati. Nikaishona. Nilijisifu, mishono ikawa kama ya mashine. Asubuhi yake binti yangu akaamka hana sauti. Nilihangaika hospitali zote. Na pale pale nikasikia Profesa kapona. Nilimpelekea maua, mwanangu. Mimi huyu, maua."

"Hukushuku kithembe?"

"Moyo ulishuku, akili ikaukemea. Binti alikuwa mwanafunzi wake, alikuwa anamsaidia kusoma maandiko ya… nini sijui. Kila nilipokisikia nilisema ni ugonjwa umemwachia. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo yenyewe nimeishona mimi."

"Jumatatu kulitokea nini?"

"Mgongo wa kitabu ulilegea, akakirudisha nikaze. Ile karatasi ilikuwa imebanduka. Nikachungulia. Ndani palikuwa na jina la mwanangu, na nywele zake, zimefungwa fundo. Nywele za mwanangu nazijua. Nimezisuka tangu hazijai kiganjani. Profesa alikuwa ameniinamia, anatazama kazi. Akaniuliza, 'Umemaliza kuthona?' Kwa sauti ile. Alipogeuka kuchukua kofia yake, nikachoma."

Kalamu ya Koplo ilikwaruza karatasi.

"Nikamburuta hadi ghalani, nikamweka kitini, nikafunga. Nikaenda nyumbani mbio. Nilidhani nitapokewa mlangoni kwa jina langu. Hapakuwa na kitu. Jumanne vilevile. Jumatano saa nne nikasikia nyayo ukumbini. Nikachungulia. Mlango niliofunga ulikuwa wazi, naye alikuwa anapanda ngazi, skafu shingoni, anakwenda kufundisha."

Koplo aliacha kuandika. Mkaguzi alimgonga mguu chini ya meza, akaendelea.

"Ulifanya nini?"

"Niliketi ghalani nikamsubiri. Yeye alikuwa maiti, mimi nilikuwa nimekwisha kufa kwa njia nyingine, tungeogopana nini? Akarudi, akakaa. Nikavuta kitabu, nikaanza kufumua. Alizungumza muda wote. Alisema, 'Ukurasa utanimaliza mimi, lakini sauti imo ndani ya fundo. Na aliyeshona akilifungua fundo, hulipa kwa yake.' Akacheka. Kicheko cha mwanangu, nacho nilikuwa nimekisahau. Nilipotoa mshono wa mwisho, akanyamaza."

"Unajua wakili yeyote atasema nini?" Mkaguzi aliuliza polepole. "Kwamba ulimuua Jumatatu mtu ambaye watu arobaini walimwona Jumatano. Ukinyamaza sasa hivi, hakuna mahakama itakayokutia hatiani."

"Sitaki mlango huo. Jumatatu nilimuua mtu. Alikuwa mwizi, lakini alikuwa mtu, na alinipa mgongo. Jumatano sijui nilizima nini."

Alitia mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaiweka mezani. Aliifunua. Kishungi cha nywele nyeusi, fundo moja dogo, limekazwa kama jicho.

"Kwa nini hukulifungua jana?" Mkaguzi aliuliza.

Kwa mara ya kwanza sauti ya mama ilivunjika. "Nilitaka kwanza nimwombe msamaha kwa mdomo wangu. Nimemwomba usiku kucha. Angenijibuje? Asubuhi nikasema basi, leo. Ndipo nikasikia nyumba ya mkutubi inapigwa mawe. Nikajua nikiwa bubu hakuna atakayemtetea. Kwa hiyo nimesema kwanza. Umeandika yote?"

"Yote, mama."

"Nipe niweke sahihi."

Akaweka sahihi kila ukurasa, mwandiko wa mtu asiyekimbia kitu. Kisha akavuta kile kishungi.

"Afande," Koplo alinong'ona, "kielelezo hicho. Hatakiwi kukigusa."

Mkaguzi alijua. Alikuwa na miaka ishirini kazini, na hakuwahi kuruhusu mtuhumiwa aguse hata kitufe cha ushahidi. Wala hakuamini mafundo. Lakini alikuwa ameisikia ile sauti ikitoka kwa mtu aliyekufa, na alikuwa ameyaona macho ya yule msichana nje.

"Nimekiona, Koplo," alisema. "Weka kalamu chini."

Vidole vya mjalidi vilifanya kazi. Vilikuwa vinene, vyenye makovu ya sindano, na havikuharakisha. Mama Gundi alikuwa akisema kitu huku akifungua, jina la binti yake, akilirudia chini chini. Fundo lilipolegea, midomo yake iliendelea kulitamka. Sauti haikuwapo.

Gari lilipita barabarani.

Kisha kule ukumbini askari wa kike akapiga ukelele wa mshtuko, na juu ya ukelele huo, sauti changa, iliyokwaruza kwa kukaa muda mrefu, ikaita:

"Mama!"

Mkaguzi alisimama na kukimbilia mlango. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa pale Mama Gundi alipomshika kifundo cha mkono. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni. Alitikisa kichwa: usifungue bado. Akaweka kidole sikioni, kisha akakiinua kimoja tu, kama mtoto anayeomba kuongezewa.

Mkaguzi akakiachia kitasa. Wote watatu wakasimama pale, wakasubiri aite tena.