Pijo Lililokata Pumzi Marangu

Saa moja asubuhi.

Chumba cha nyuma cha kilabu cha mbege, pombe ya ndizi, cha Theopista, pale Himo, kilikuwa na majambazi watatu na akili moja. Hiyo moja ilikuwa ya Wenseslaus.

"Sikieni." Alichovya kidole kwenye mbege, akachora barabara juu ya meza. "Dalali wa tanzanaiti anapita juu ya Mwika saa nne, anaelekea Tarakea avuke Kenya. Yuko na dereva tu. Primus, unamsimamisha. Mawe nachukua mimi, napita na pikipiki njia za migombani. Nyie mnashuka na gari kwa mbwembwe, kila mtu awaone. Mkikamatwa, hamna kitu mkononi. Tunakutana hapa hapa."

"Na bastola?" Primus aliuliza. "Nayo tuseme si kitu?"

"Utaitupa mtoni, bwege wewe."

Primus alikuwa na mwili wa kubeba magunia na kichwa kama injini ya dizeli: huchelewa kuwaka. Alicheka baada ya muda.

Dereva alikuwa Jovin, fundi wa magari, mdogo wake Wenseslaus, tumbo moja. Tangu baba yao azikwe kihambani, shamba la ukoo kule Marangu, Wenseslaus ndiye aliyekuwa akigawa nyama nyumbani, na ndiye aliyekuwa akigawa amri. Serikali iliposema biashara sasa ni huria, Wenseslaus aliisikia kuliko wafanyabiashara wenyewe.

"Dogo, umenyamaza," alimwambia. "Gari?"

"Gari zima, kaka. Nimelikagua mwenyewe."

Saa nne kasoro.

Gari lao, Pijo, lilijificha kwenye kona, juu ya Mwika, pua ikitazama bonde. Wenseslaus alifika na Honda, dumu la petroli limefungwa nyuma.

"Nikuongezee mafuta. Mlima umekula mengi."

Jovin alikuwa na sheria yake: gari la kazi haliguswi na mtu mwingine. Angekuja askofu mwenyewe kutaka kufungua boneti, angeambiwa asubiri. Lakini utamwambiaje kaka yako mkubwa ashushe dumu? Ungeanzia wapi? Alibaki kwenye usukani, anatazama mbele. Nyuma alisikia petroli ikigugumia, kisha mfuniko ukifungwa.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko sala ya kabla ya chakula. Gari la dalali lilitokea konani. Primus barabarani. Bastola. Dalali akakabidhi kifuko huku analia kama kafiwa. Primus akapasua tairi mbili kwa kisu. Wenseslaus akatia kifuko kifuani, akapotelea migombani, na mlio wa Honda ukafifia.

"Kanyaga!" Primus alifoka.

Jovin alikanyaga.

Saa nne na ushei.

Walikuwa wanakaribia Marangu injini ilipoanza kukohoa. Ikavuta, ikasita, ikavuta tena. Ikazima.

"Nini?"

"Sijui."

"Fundi hujui?"

Jovin aliliachia gari liserereke kwa mteremko, akakata kushoto, akaingia njia ya shamba kati ya migomba na kahawa. Alikuwa hajafungua mlango, Landrova ya polisi ikapita barabarani, inapanda. Ilipanda taratibu. Askari wamening'inia pande zote, wanachungulia kila njia kama watu waliopoteza mbuzi.

Primus aliwasindikiza kwa macho. Kisha bastola ikahama, ikatua shingoni kwa Jovin.

"Dalali hana matairi. Simu huku hakuna. Nani kawaambia? Na gari linazimaje leo, siku ya kazi? Anayejua kuua gari ni fundi."

"Ningekuwa nimeliua mimi, ningekaa ndani yake na wewe?"

Primus alifikiri. Dizeli haikuwaka. "Tengeneza. Ukishindwa, utabaki hapa uwe mbolea."

Jovin alifungua boneti. Gari lina njaa mbili tu: moto na mafuta. Akachomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma.

"Piga stata."

Cheche ikaruka, ya buluu, yenye afya. Moto upo. Akalegeza mpira wa kabureta: mkavu. Akachomoa mpira unaotoka kwenye tanki, akaunyonya kwa mdomo. Petroli haikuja. Badala yake mpira ulimvuta ulimi, kama ndama anayegombea chuchu.

Tanki lililojaa, na halitaki kutoa.

Alizunguka nyuma taratibu, maana tayari alijua, na alikuwa hataki kujua. Akazungusha mfuniko. Tanki likavuta hewa, *fyuuu*, pumzi ndefu ya mtu aliyetolewa majini.

Kwa ndani, kile kitundu kidogo cha kupitishia hewa kilikuwa kimezibwa kwa sabuni ya mche. Hewa haiingii, petroli haitoki. Gari litakwenda mwendo kidogo, kisha litajinyonga lenyewe. Na petroli haiyeyushi sabuni; ndiyo maana mafundi huzibia nayo tanki linalovuja. Jovin alimfundisha ujanja ule mtu mmoja tu duniani, siku tanki la Honda lilipotoboka.

Alisimama na mfuniko mkononi. Kaka ndiye aliyewatonya polisi mapema, ili wao wakamatwe na mawe yabaki yake. Alijua Primus hatamtaja, kwa sababu Primus hatamshuku. Na alijua Jovin hatasema, kwa sababu ni Jovin. Hakuchaguliwa kwa ufundi. Alichaguliwa kwa mapenzi yake.

"Vipi?" Primus aliuliza, macho barabarani.

Jovin alikwangua sabuni kwa kucha, akaitia mfukoni.

"Uchafu tu."

Akarudishia mipira na waya. Stata moja, gari likaunguruma.

Saa tano na nusu.

Waliingia chumba cha nyuma kwa Theopista. Wenseslaus alikuwa anafunga begi. Aligeuka.

"Umefikaje?"

Hakusema poleni. Hakusema afadhali.

"Gari lilizima," Primus alisema. "Na polisi walikuwa wanakuja. Kuna mtu kauza."

Jovin alimtazama kaka yake, akamtupia kamba.

"Ni pampu, kaka. Ilichoka tu. Polisi ni bahati mbaya."

Wenseslaus aliidaka kamba ile, akamfunga nayo.

"Pampu! Si ulisema umelikagua mwenyewe? Primus, mimi dogo huyu nimekuwa na wasiwasi naye siku nyingi."

Bastola ikarudi shingoni kwa Jovin.

Jovin alitoa ile sabuni, akaiweka mezani.

"Ilikuwa kwenye mfuniko wa tanki. Nani aliweka mafuta leo, Primus? Ulikuwepo."

Primus aliitazama sabuni. Akamtazama Wenseslaus. Ilichukua muda, lakini dizeli ikiwaka, imewaka.

"Aisee, Wense," alisema kwa huzuni, na akafyatua.

Akachomoa kifuko begini, akatorokea uani. Theopista alipiga yowe. Jovin alikuwa ameshamwinua kaka yake, damu ikimlowesha shati, akambeba hadi kwenye Pijo.

Barabara ya Moshi ilikuwa nyeupe kwa jua. Wenseslaus alijilaza kiti cha nyuma, ameshika tumbo.

"Jovin. Mdogo wangu."

"Usiongee, kaka. Hospitali si mbali."

"Sikiliza. Wakiuliza, mimi ni abiria tu. Umeniokota njiani. Wewe ndiye dereva, gari wameliona. Utakaa ndani kidogo tu. Mama nitamtunza mimi."

Jovin alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamficha barabara. Mtu ana risasi tumboni na bado anagawa nyama!

Mbele, polisi walikuwa wameweka kizuizi. Askari alinyoosha mkono. Jovin alisimamisha gari, akashusha kioo.

"Shikamoo afande. Nina majeruhi, tuwahi."

Askari alichungulia nyuma. "Nani huyu? Unamfahamu?"

Wenseslaus alifumbua macho, akamtazama mdogo wake kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Alikuwa ametulia kabisa, kama mtu anayengoja chai aliyokwisha kuiagiza.

"Namfahamu," Jovin alisema. "Andika. Wenseslaus Fabian Lyimo, wa Marangu. Mkubwa wetu. Kazi ya leo ilikuwa yake, na mimi ndiye niliyeendesha."