Aliyosema Émilienne kwenye Fonii

Placide alikuwa ameinamia cherehani yake katikati ya soko la mji wa Baraka, kelele za wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, zikimzunguka, aliposikia anaitwa fundi. Aliinua uso. Msichana wa milimani, miguu ina vumbi jekundu, amefunga kikwembe cha manjano, alitaka blauzi. Fundi huyo, ambaye hakuwahi kukosea kipimo, alimpima kiuno mara tatu. Émilienne akamuuliza kwa upole kama kiuno chake kinaongezeka kila kikipimwa. Basi, Placide kwisha habari yake.

Kila siku ya soko Émilienne alishuka na maharagwe, na kila siku ya soko blauzi ikapatikana na kasoro mpya. Halafu, mwaka huo wa 2002, vita vikarudi vilimani na njia ikafungwa. Ikabaki fonii tu, ile redio ya kuitana ambayo kila mwenye nayo anasikia, awe padri, mfanyabiashara au askari. Placide alisubiri zamu yake, akamwita mpenzi mbele ya watu, akamwambia atapanda Jumamosi. Jibu lilikuja kavu.

"Usikuye huku, fundi. Nimeisha kusema."

Miezi minne moyo ulimuuma. Mapigano yalipotulia alipanda hata hivyo, akasikie kutoka kinywani mwa Émilienne mwenyewe.

Kijiji cha kina Émilienne kilikuwa ukingoni kabisa mwa bonde. Ukungu ulilala chini ya miguu yake, mweupe na mzito, vilele vya milima vikielea juu yake, na moshi wa majiko ulipanda taratibu kana kwamba hakuna aliyewahi kukimbia hapo. Alisahau hasira aliyokuja nayo. Émilienne akatokea kwenye mihogo, jembe likamponyoka.

"We ulitangaza Jumamosi," alisema kabla hajaulizwa. "Na benye bunduki balikuwa mu njia, banasikiliza fonii. Ningefanya aje?"

"Na leo unasema nini?"

"Leo nasema nakupenda. Lakini mama amezeeka, hawezi kukimbia tena. Mi siwezi kushuka Baraka na kumuacha."

Placide aligeukia bonde. Huko chini kulikuwa na ziwa, wateja, maisha yake yote. Aliona ajabu kwamba havimvuti.

"Basi nitakuoa huku huku. Nakaa."

Émilienne akalia bila kuficha uso. Mlangoni mama yake aliuliza mgeni anarudi lini, amtayarishie chakula cha njiani.

"Huyu haiko mugeni, mama," Émilienne alijibu.